Bi. Marie Curie na magari yake ya eksirei

Wengi tukisikia jina la Marie Curie tunakumbuka tuzo zake mbili za Nobel, ya fizikia mwaka 1903 na ya kemia mwaka 1911. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo kinachonigusa zaidi ni kazi aliyoifanya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Alizaliwa Warsaw, Poland, tarehe 7 Novemba 1867, akaitwa Maria Skłodowska. Mji huo ulikuwa chini ya Urusi, na shuleni watoto walilazimishwa kusoma kwa Kirusi. Chuo kikuu cha hapo hakikupokea wanawake, hivyo alisoma kwa siri katika nyumba za watu. Baadaye akaenda kijijini kufundisha watoto wa familia moja tajiri, na sehemu ya mshahara wake akampelekea dada yake Bronisława, aliyekuwa akisomea udaktari Paris. Kazi ikiisha aliwakusanya watoto wa wakulima akawafundisha kusoma na kuandika Kipolandi, jambo ambalo serikali ilikataza. Alipoanza hakuwa ametimiza miaka 20. Wanafunzi wetu wanaonung'unika kuamshwa asubuhi wikendi, hapo mnasemaje?

Mwaka 1891 ikawa zamu yake kwenda Paris. Huko aliolewa na Pierre Curie, na mwaka 1898 wakagundua poloniamu na radiamu. Poloniamu aliipa jina la nchi yake, ambayo wakati huo haikuwepo hata kwenye ramani. Pierre alikufa mwaka 1906 kwa kugongwa na gari la farasi, akamwachia mabinti wawili.

Vita vilipoanza mwaka 1914, mashine za eksirei zilikuwa katika hospitali za miji mikubwa, lakini majeruhi walikuwa mbali, karibu na mapigano. Huko madaktari wa upasuaji walitafuta risasi mwilini kwa kubahatisha. Kila aliyewahi kusafisha kidonda anajua maumivu hayo ni ya namna gani.

Bi. Curie hakuwa daktari. Alijisomea muundo wa mwili wa binadamu, akajifunza kuendesha gari na hata kulitengeneza. Aliomba magari kwa matajiri, akayafunga mashine za eksirei pamoja na vifaa vya kusafishia picha. Kwa kuwa sehemu nyingi hazikuwa na umeme, injini ya gari ilizungusha dainamo. Gari likifika, mashine iliingizwa ndani, waya ukavutwa kutoka nje, madirisha yakafunikwa kwa mapazia meusi, na daktari akaona risasi ilipo kabla ya kushika kisu. Wanajeshi waliyaita magari hayo Curie wadogo.

Msaidizi wake alikuwa binti yake Irène, mwenye miaka 17 tu. Wakapatikana magari 20 na vituo 200 hospitalini, na inakadiriwa wanajeshi zaidi ya milioni moja walipigwa picha. Aliwafundisha pia wanawake wapatao 150 kuendesha mashine hizo.

Kinga ilikuwa ndogo mno. Leo mtoto wako akipigwa eksirei, utaona mhudumu anajificha nyuma ya ukuta wenye risasi, yaani ile madini. Wao walisimama palepale kwenye mionzi, siku baada ya siku. Bi. Curie alikufa tarehe 4 Julai 1934, uboho wake ukiwa umeshindwa kutengeneza damu. Irène naye alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1956.

Miaka miwili kabla ya kifo chake, Taasisi ya Radiamu ilifunguliwa Warsaw kwa ajili ya kutibu saratani. Gramu moja ya radiamu iliyotumika huko ilinunuliwa kwa fedha zilizochangwa Marekani kwa jitihada zake. Mkurugenzi wa kwanza wa taasisi hiyo alikuwa Daktari Bronisława, dada yule aliyesomeshwa kwa mshahara wa mdogo wake.