Maria Montessori na Mikono ya Watoto

Wazazi wengi hudhani ya kuwa elimu ya mtoto huanza siku ile apelekwapo kwa mwalimu. Kabla ya hapo, agusapo mtungi hukemewa, na ashikapo ufagio hunyang'anywa. Maisha ya Maria Montessori, mwanamke Mkatoliki wa Italia, yatuonyesha kwamba kwa kumzuia hivyo twamnyima shule yake ya kwanza.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, karibu na mji wa Ancona. Mwaka 1896 alipata shahada ya udaktari mjini Roma, wakati ambapo wanawake wenye elimu hiyo nchini mwake walikuwa wachache mno. Kazi yake ilimkutanisha na watoto wenye ulemavu wa akili, ambao hakuna aliyewatumainia. Alisoma maandiko ya madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, akawapa watoto hao vitu vya kushika, kupapasa na kupanga. Baadhi yao wakafaulu mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wengine. Watu walimsifu; yeye akajiuliza ni kitu gani basi kinachowarudisha nyuma watoto wenye afya.

Jibu alilipata San Lorenzo, mtaa wa mafukara mjini Roma. Huko wazazi walishinda kazini, na watoto wao wadogo wakabaki wakiharibu kuta na ngazi za majumba. Wenye majumba walimwomba awatunze, naye tarehe 6 Januari 1907, sikukuu ya Epifania, akawafungulia Nyumba ya Watoto. Aliwapa meza na viti vyepesi vilivyolingana na vimo vyao. Walijifunza kunawa, kufagia, kufunga vifungo, na kutia vipande vya mti katika matundu yake. Kipande kisichoingia kilimwonyesha mtoto kosa lake bila karipio la mtu. Herufi zilikatwa katika msasa, nao wakazifuata kwa vidole kabla ya kushika kalamu. Baada ya miezi michache, watoto wa miaka minne na mitano walianza kuandika.

Siku moja aliwafundisha kupenga kamasi kwa leso, polepole na bila kelele. Walipomaliza walimpigia makofi ya furaha. Hapo alitambua kwamba walikuwa wamekaripiwa mara nyingi kwa ajili ya pua zao, wala hakuna aliyepata kuwaonyesha namna ya kuzisafisha.

Hata hivyo, maisha yake yalikuwa na uchungu wake. Mwaka 1898 alimzaa mwana, Mario, naye hakuwa ameolewa. Mtoto alilelewa na watu wengine shambani, na mama aliyefundisha ulimwengu kuwatazama watoto hakuyaona makuzi ya mwanawe siku kwa siku. Mario alirudi kwake akiwa kijana, akawa msaidizi wake mpaka mwisho. Labda ndiyo sababu Maria hakuuona utoto kuwa jambo dogo.

Mwaka 1934 aliiacha Italia baada ya kutofautiana na serikali ya Mussolini. Tangu 1939 hadi 1946 alifundisha walimu huko Bara Hindi. Alifariki Uholanzi tarehe 6 Mei 1952, akazikwa huko Noordwijk.

Wazazi wapenzi, kazi yake haidai vyombo vya fedha nyingi. Mpeni mtoto maharage na mahindi yaliyochanganyika ayatenge. Mpeni vikombe viwili amimine maji toka kimoja hadi kingine, na kitambaa cha kufutia yamwagikayo. Chora herufi mchangani aifuate kwa kidole. Mwonyeshe mara moja, taratibu, kwa maneno machache. Kisha mwache, hata akikawia. Wewe ungeimaliza kazi hiyo kwa dakika moja. Yeye aitaka nusu saa, kwa kuwa anazifundisha akili zake kwa mikono yake. Nusu saa hiyo ni haki yake, tena hairudi akishakua.