James Chuma: mtoto aliyeuzwa, akapata jamaa kanisani

Wasikilizaji wetu wa delta ya Rufiji na Kibiti wanaijua njia ya pwani itokayo Kilwa kwenda kaskazini. Mwaka 1873, Sultani Barghash alipopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, wafanyabiashara waliwapitisha nchi kavu, wakivuka Rufiji. Miaka sita baadaye msafara wa namna nyingine ulifika bonde hilo. Kiongozi wake aliwahi kuwa mtumwa mwenyewe.

Huyo ni James Chuma, Myao, aliyezaliwa karibu mwaka 1850. Julai 1861 alikuwa katika kundi la watumwa 84 waliokombolewa na David Livingstone na wamisionari wa Askofu Mackenzie, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Waliambiwa wako huru, waende wapendako au wabaki. Walibaki. Kuachwa huru katikati ya nchi yenye vita, huna baba wala mjomba, si jambo la kushangilia kwa mtoto wa umri ule. Huko Magomero walipewa chakula, nguo na mahali pa kulala, wakaishi na wamisionari kama kijiji kimoja.

Hawakukaa raha. Njaa na homa ziliingia, askofu akafa Januari 1862, misheni ikahama. Chuma alipelekwa Bombay, India, akasoma shule ya misheni na kubatizwa Desemba 1865. Kisha akarudi Afrika na Livingstone. Kazi ya kuubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo, pamoja na Abdallah Susi na wenzao, ndiyo iliyompa jina duniani.

Sisi tunaona safari ya mwaka 1876 ni kubwa zaidi, ingawa husimuliwa kidogo. Askofu Edward Steere alitaka kuwarudisha bara watu waliokombolewa na kulelewa na misheni Zanzibar. Chuma aliongoza msafara kutoka Lindi. Walipofika Masasi, wakaona maji na udongo mzuri, wakaamua kujenga hapo hapo. Wengi hawakujua tena kwao ni wapi. Mtu aliyewatangulia njiani alikuwa ameionja hali hiyo akiwa mtoto.

Mwaka 1879 aliongoza msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson kutoka Dar es Salaam. Johnston alikufa kwa kuhara damu huko Behobeho, kaskazini ya mto Rufiji, tarehe 28 Juni. Thomson alikuwa kijana wa miaka 21. Chuma, mzoefu wa njia na wapagazi, aliuongoza msafara hadi Ziwa Nyasa na Tanganyika, wakarejea pwani mwaka 1880.

Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882. Mwaka huo huo Wangoni waliishambulia Masasi na kuchukua mateka. Waliosalia walianza upya, na leo Masasi ni makao ya dayosisi ya Kianglikana.