Makhan Singh na swali la mwanafunzi wangu

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Methali hii hunijia kila nipitapo karibu na kituo cha reli cha Kipkelion, mahali palipojulikana kwa jina la Lumbwa enzi za wakoloni. Hunikumbusha swali aliloniuliza mwanafunzi mmoja miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifunza somo la historia huku. Mamake alikuwa mchumaji wa majani chai upande wa Kericho, na alilipwa kwa kilo. Kijana yule alitaka kujua ni nani aliyeketi akaamua kwamba kilo moja ya majani ina thamani ya senti kadha wala si zaidi. Nilimjibu kwa maneno ya vitabuni, nikataja soko na bei za dunia. Hakuridhika, na leo nakiri kwamba alikuwa na haki ya kutoridhika. Lau ningalimsimulia maisha ya Makhan Singh, pengine angalipata jibu lililo karibu zaidi na ukweli.

Reli ipitayo Kipkelion ilijengwa kwa jasho la wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliotolewa India kuanzia 1896. Ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, wapatao 2,500 miongoni mwao walikuwa wamekwisha kufa. Seremala mmoja wa Punjab, Sudh Singh, alikuja Kenya baada ya ujenzi huo, mnamo 1920, akapata kazi katika reli. Mwanawe, Makhan, aliyezaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, alimfuata mwaka wa 1927. Alisoma Nairobi, kisha akaingia kazini katika matbaa ya babake. Humo alijifunza kazi ambayo baadaye ilimfaa mno, yaani kupanga maneno na kuyachapisha ili yawafikie watu wengi.

Katika Kenya ya siku hizo, ujira haukupimwa kwa kazi pekee. Ulipimwa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikuwa na ngazi yake, Mhindi yake, na Mwafrika alikuwa chini kabisa. Isitoshe, Mwafrika alilazimika kubeba kipande, hati iliyoandikwa pamoja na mambo mengine mshahara aliolipwa na mwajiri wake wa awali. Mwajiri mpya alihitaji tu kuisoma hati hiyo ili ajue ni kiasi gani kidogo angeweza kumpa.

Mnamo Machi 1935, Makhan Singh, kijana wa miaka 21, alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi jijini Nairobi. Haukupita muda kabla ya chama hicho kufungua mlango kwa wafanyakazi wa kila rangi na kujiita Labour Trade Union of Kenya. Hatua hiyo yaweza kuonekana ndogo leo. Wakati ule iligusa msingi wa utawala wenyewe, kwa maana serikali iliyowalipa watu kwa rangi haikutaka kuwaona wameketi mezani pamoja.

Chama kilidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Kisha, tarehe 1 Aprili 1937, mgomo mkubwa ulianza Nairobi ukadumu siku 62. Ulipokwisha, waajiri walikubali kuongeza mishahara kwa kati ya asilimia 15 na 25. Mwaka huo huo serikali ilitunga sheria ya vyama vya wafanyakazi, na chama cha Makhan Singh kikaandikishwa. Ningependa wanafunzi waitazame mipangilio ya mambo haya. Hakuna aliyewaita mafundi wale ofisini kuwauliza kama fedha zinawatosha. Walisimamisha kazi kwanza, na nyongeza ikaja baadaye.

Mwishoni mwa 1939 alisafiri kwenda India. Mei 1940 Waingereza walimkamata huko, wakamfunga bila kesi, kisha wakamzuilia kijijini mwake hadi Januari 1945. Alipokuwa huru alifanya kazi katika gazeti la chama cha Kikomunisti cha Punjab. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba alikuwa Mkomunisti, hata pale ambapo neno hilo lilitosha kumtia mtu jela. Agosti 1947 alirejea Kenya. Serikali ilimwamuru aondoke; akakataa, akabaki.

Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la East African Trade Union Congress, Kubai akiwa rais naye akiwa katibu mkuu. Serikali ilikataa kuliandikisha. Mnamo tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa Ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alitaka nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Kwake madai ya ujira na madai ya uhuru yalikuwa kitu kimoja, kwani mfanyakazi asiye na sauti katika nchi hawezi kuwa na sauti katika mshahara wake.

Tarehe 15 Mei alikamatwa pamoja na Kubai. Siku iliyofuata wafanyakazi wa Nairobi waligoma, wakidai viongozi wao waachiliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Mgomo huo uliendelea kwa zaidi ya juma moja mbele ya askari na mabomu ya machozi. Makhan Singh alipelekwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yule yule ambaye baadaye angemhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Kisha akatupwa katika nyika za kaskazini: Lokitaung, Maralal na Dol Dol. Alizuiliwa kwa zaidi ya miaka 11. Angalikubali kuihama Kenya, angaliachiliwa. Hakukubali. Alitoka Oktoba 1961, miezi miwili baada ya Kenyatta.

Hapa sina budi kuwapeleka wasomaji wangu ng'ambo kidogo, kwa kuwa haki yadai tuseme yote. Itikadi aliyoiamini Makhan Singh ilikuwa imeshika serikali Urusi, na serikali hiyo ilijitangaza kuwa ya wafanyakazi. Kuanzia 1956, chini ya Nikita Khrushchev, ilianza kurekebisha mishahara viwandani. Takriban robo tatu ya wafanyakazi wa viwanda walilipwa kulingana na kiasi walichotengeneza, kama wachumaji wetu wa chai. Mshahara wa msingi ulikuwa mdogo, na riziki ilitokana na kuvuka kiwango kilichowekwa. Marekebisho yaliinua mshahara wa msingi, lakini yaliinua viwango vya kazi pia, na wengi wakajikuta wakipata fedha kidogo kuliko awali. Mnamo Juni 1962, katika mji wa Novocherkassk, wafanyakazi wa kiwanda cha magari ya moshi ambao malipo yao yalikuwa yamepunguzwa waligoma baada ya bei ya nyama na siagi kupandishwa. Wanajeshi waliwapiga risasi, na watu 26 wakauawa. Saba wengine walihukumiwa kifo baadaye, na habari hizo zikafichwa kwa miaka mingi.

Wakati huo Makhan Singh alikuwa na miezi minane tu ya uhuru baada ya kuzuiliwa kwa kosa la kuwatetea wafanyakazi. Kwa maoni yangu, mambo haya mawili yafaa kufunzwa pamoja. Hayamwondolei heshima. Yatuonyesha kwamba alichokipigania mitaani Nairobi, yaani mfanyakazi kuwa na chama chake, kujadiliana na kugoma, hakiwezi kubadilishwa na jina zuri la serikali. Urusi iliandika upya orodha za mishahara bila kumwuliza anayelipwa, na aliyeuliza alijibiwa kwa risasi.

Hata Kenya huru haikuwa na raha na sauti hiyo. Mwaka wa 1965 serikali ilivunja mashirikisho ya wafanyakazi yaliyokuwa yakishindana na kuunda COTU, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais kutoka majina matatu. Makhan Singh hakupewa cheo chochote cha maana. Alirudi kwenye kalamu, na mwaka wa 1969 akatoa kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya hadi 1952. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973, akiwa na umri wa miaka 59. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu humtaja darasani kwa mstari mmoja, mwanafunzi akaukariri kwa ajili ya mtihani na kuusahau.

Swali la kijana yule lingali hai. Wafanyakazi wa mashamba ya chai wamekuwa na chama chao cha kitaifa tangu 1963, na malipo ya kilo hujadiliwa mezani. Hata hivyo, mashine za kuchumia chai ziliingia Kericho, na Mei 2023 baadhi yake ziliteketezwa kwa moto na watu wenye hasira. Siungi mkono moto. Ila najua kwamba hasira ya namna hiyo huzuka pale watu wanapohisi kwamba jambo kubwa kuhusu riziki yao limeamuliwa nao hawapo.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, mnapofika sura ya vyama vya wafanyakazi, waagizeni wanafunzi waende nyumbani wawaulize wazazi wao mambo mawili: wanalipwa vipi, na ni nani aliyeamua walipwe hivyo. Warudi na majibu, ndipo muwasimulie habari za mwana wa seremala aliyeuliza swali lilo hilo akalilipia kwa miaka 11 ya maisha yake.