Apolo Kivebulaya wa Boga

Wandugu, jina la Apolo Kivebulaya tunalisikia sana, lakini mateso yake wengi wetu hatuyajue. Alikuwa Muganda, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata akafika Boga kufundisha Neno la Mungu. Shefu Tabaro akamunyima chakula, akamupigisha fimbo. Kisha dada ya shefu akaanguka juu ya mukuki, akakufa. Apolo akashitakiwa bure, akapelekwa amefungwa mupaka Toro. Kule kifungoni, 1898, akamwona Yesu katika njozi akimutia moyo. Akarudi Boga kwa mutu yule yule! Sisi tungekimbia. Tabaro naye akabatizwa. Nyuma Apolo akaingia pori kwa Wambuti. Alikufa Mei 1933. Kwa agizo lake walimuzika kichwa kikielekea magharibi, upande wa pori.