Levi Strauss: Jina Lake, Sindano ya Mwenziwe

Jina la Levi Strauss limepigwa chapa kiunoni mwa suruali za jinzi kote duniani, ilhali mwenyewe hakuwa mshoni. Alizaliwa mwaka wa 1829 katika kijiji cha Buttenheim, Bavaria, nchini Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, aliyekuwa mchuuzi, alifariki mwaka wa 1846. Mwaka uliofuata, Levi, mama yake na dada zake wawili walivuka bahari hadi New York, ambako kaka zake walikuwa wakiuza vitambaa.

Mnamo 1853 alihamia San Francisco, wakati uchu wa dhahabu ulikuwa umewavuta maelfu ya watu California. Yeye hakushika sururu. Alifungua duka la jumla la vitambaa na nguo.

Miongoni mwa wateja wake alikuwa Jacob Davis, mshoni mzaliwa wa Riga aliyeishi Reno, Nevada. Suruali za vibarua zilikuwa zikifumuka mifukoni, naye Davis akabuni njia ya kuzikaza pembe za mifuko hiyo kwa ribiti za shaba. Suruali zake ziligombaniwa, akahofia kuibiwa ubunifu wake. Mwaka wa 1872 alimwandikia Strauss barua, akimwomba agharimie usajili ili wagawane haki. Strauss alikubali. Tarehe 20 Mei 1873, hataza nambari 139,121 ilitolewa kwa jina la Davis pamoja na kampuni ya Strauss. Davis akahamia San Francisco kusimamia ushonaji.

Suruali za awali zilishonwa kwa turubai na kwa denimu, lakini denimu ndiyo iliyoshinda. Nyuzi zake za mtande hutiwa nili, za mshindio zikaachwa nyeupe. Ndiyo sababu upande wa ndani huwa mweupe, na wa nje hupauka kadiri nguo inavyovaliwa.

Strauss hakuoa. Mwaka wa 1897 alifadhili nafasi 28 za masomo katika Chuo Kikuu cha California. Alifariki tarehe 26 Septemba 1902, akawarithisha wapwa wake kampuni. Davis alimfuata mwaka wa 1908.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Bila mtaji wa Strauss, huenda ubunifu wa Davis ungeishia Reno. Bila ribiti za Davis, Strauss angebaki muuza vitambaa tu. Ulimwengu ulichagua kulikumbuka jina moja, lakini kila ribiti pembeni mwa mfuko ni ushahidi wa yule wa pili.