Kinjikitile Ngwale: Aliyeingia majini Ngarambe, akanyongwa Mohoro

KWA mtu wa Mbwera, maji ndiyo barabara. Kijiji hicho kilichomo katika delta ya mto Rufiji, wilayani Kibiti, mkoa wa Pwani, hufikiwa kwa mashua na mitumbwi kupitia vijito vinavyopinda katikati ya mikoko, na msafiri hupanga safari yake kwa kuangalia maji kupwa na kujaa. Maji hayo ndiyo yanayokuza mpunga wake, ndiyo yanayompa samaki na kamba, na ndimo alimo mamba. Kwa hiyo ukimsimulia kisa cha mtu aliyeingia mtoni mbele ya jamaa zake, akalala humo na kuibuka kesho yake nguo zikiwa kavu, usitarajie kwamba atakichukulia kuwa ngano ya kuwabembelezea watoto.

Mtu huyo ni Kinjikitile Ngwale. Hakuna mwanafunzi wa Tanzania asiyelijua jina lake, ingawa wengi hulitamka kwa namna ambayo si yake, jambo ambalo tutalirudia hapo mbele.

Kinjikitile aliishi Ngarambe, kusini ya mto Rufiji, jirani na milima ya Matumbi. Hakuwa mfalme wala jumbe. Habari zake zinaanza kusikika kwa nguvu mwaka 1904, pale ilipovuma kwamba amechukuliwa na pepo aitwaye Hongo. Masimulizi ya wazee yanaeleza kuwa alivutwa kwa tumbo, mikono imenyooka mbele, hadi akazama katika maji ya mto. Ndugu zake walijaribu kumzuia wasiweze. Walikesha ukingoni wakilia, na siku ya pili akatoka mzima, akaanza kusema mambo ambayo hakuwa akiyasema kabla.

Hongo hakuwa mgeni kwa watu wa bonde la Rufiji. Alihesabiwa kuwa chini ya Bokero, mwenye makao yake Kibesa kwenye mto huo huo, ambako watu walikwenda kuomba mvua na kinga ya mazao. Alichokifanya Kinjikitile ni kuichukua imani ya zamani, iliyohusu mvua na shamba, na kuipa kazi mpya. Dawa yake ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Safari hii maji hayo yalisemekana kuigeuza risasi ya Mdachi kuwa maji.

Ili kuelewa kwa nini watu walimwamini, sharti msomaji akumbuke pamba. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliamuru mashamba ya pamba ya pamoja yalimwe vijijini, wanakijiji wakifanya kazi chini ya majumbe na maakida, na kiboko kikiwa karibu. Siku za kulima pamba zilikuwa ndizo siku za kulima chakula. Ujira ulikuwa mdogo kiasi kwamba baadhi ya watu walikataa kuupokea. Juu ya hayo kulikuwa na kodi, na hapakuwa na pa kulalamikia, kwani akida aliyekuchapa ndiye aliyesikiliza kesi yako.

Wamatumbi hawakuwa na mtawala mmoja. Kila ukoo ulijiongoza, na uhusiano wao na Wangindo, Wakichi au Warufiji haukuwa wa kuitana ndugu. Kinjikitile aliwafundisha kuwa wote ni jamaa moja, na kwamba hata wafu wao wako pamoja nao. Inaelezwa kuwa pale Ngarambe ilijengwa nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba-Nungu, yaani nyumba ya Mungu, ambako mahujaji waliamini wangekutana na marehemu wao. Habari ilisambazwa kwa kunong'onezana, kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, na vijana walifanyishwa mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda.

Hapa ndipo kisa hiki kinapokuwa kigumu zaidi kuliko kinavyofundishwa darasani. Maji yaliyowafanya watu wa makabila mbalimbali wawe kitu kimoja yaliweka pia mpaka mpya. Vita ilipopamba moto, katika sehemu nyingi aliyekataa kunywa alitazamwa kama adui, na si kila aliyekunywa alikunywa kwa hiari. Mtawala Kiwanga wa Wabena alisimama upande wa Wajerumani na kufa katika vita hiyo. Kumwita msaliti ni rahisi leo, na pengine ni rahisi mno.

Kinjikitile mwenyewe, kwa mujibu wa masimulizi, aliwataka watu wasubiri hadi atoe amri. Amri hiyo haikutoka. Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waliochoka kungoja walimtuma Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela kung'oa miche mitatu ya pamba. Miche hiyo ilikuwa tangazo la vita.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kumkamata Kinjikitile na kumpeleka Mohoro, kando ya delta, makao yao ya utawala wa Rufiji. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa pamoja na msaidizi wake kwa kosa la uhaini, ingawa ni vigumu kuona ni kwa vipi mtu wa Ngarambe angeweza kuihaini dola iliyomfikia kwa bunduki. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwaambia waliomshika kuwa kumwua hakutasaidia kitu, kwani dawa yake ilikuwa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge.

Alisema kweli. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge na kufyekwa kwa bunduki za rashasha. Vita iliendelea hadi mwaka 1907. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Serikali yao ilikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Je, mtu aliyetoa maji yale anabeba sehemu ya vifo hivyo? Swali hilo ndilo lililomfanya Kinjikitile asife katika hadithi, na kila zama ilimjibia kwa namna yake. Gavana von Götzen, katika kitabu chake cha mwaka 1909, aliieleza vita kuwa njama ya waganga, na kwa maelezo hayo pamba na kiboko vikapungua uzito. Mshairi wa pwani, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliitungia utenzi akiitazama kwa jicho la mtu wa mjini, lisilowaonea fahari watu wa bara. Julius Nyerere, akizungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, aligeuza kibao na kuieleza kuwa ni watu waliojaribu kumwondoa mtawala mgeni, si ushirikina.

Baada ya hapo akaja Ebrahim Hussein na tamthiliya yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Jina analolitamka mwanafunzi ni la mhusika huyu, si la mtu wa Ngarambe, na mwandishi mwenyewe alitahadharisha kuwa wawili hao wasichanganywe. Kinjeketile wa jukwaani anagundua kuwa neno alilolitoa halimtii tena. Watu wamekwisha kuungana kwa sababu yake, na akisema maji ni maji tu, umoja wenyewe utavunjika. Mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa akane, na rafiki yake Kitunda anamsihi akubali, maana ni uongo uliowaua watu. Anakataa, kwa ajili ya watakaozaliwa baadaye.

Hussein hamwambii mtazamaji nani kati yao ana haki, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu mchezo huo umedumu. Kitunda si mwoga. Amezika watu.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea mbele ya wajukuu wa mashujaa wa Kingoni, akaomba msamaha kwa yale waliyotendewa wazee wao. Ziara hiyo haikufika Ngarambe wala Mohoro.