Joseph Dutton, munganga aliyefia Kasongo

Wasomaji wetu, hapa Nyangwe na Kasongo wazee wanaujua malale, ule ugonjwa wa kulala. Lakini wachache wanajua kama munganga aliyekipa kidudu chake jina alifia hapa hapa kwetu.

Joseph Everett Dutton alizaliwa Uingereza mwaka 1874, akasomea uganga Liverpool. Mwaka 1901, kule Gambia, alipima damu ya nahodha mmoja mwenye homa isiyoisha, akatambua ndani tripanosoma. Mwaka 1902 akakiita kidudu hicho Trypanosoma gambiense. Mbung'o njo anakileta.

Mwaka 1903 alikuja Congo pamoja na munganga John Todd kuchunguza malale. Walipofika Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, walionyesha pia kwamba homa ya kurudiarudia inaletwa na papasi, kupe anayejifichaka katika nyufa za nyumba za udongo. Homa hiyo ikawashika wote wawili. Todd alipona. Dutton alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30 tu. Kidudu cha homa ile kinaitwa leo Borrelia duttonii, kwa jina lake.

Kitu kimoja Dutton hakukijua: kidudu cha malale kinapata wapi nguvu. Kikiwa katika damu, kinaishi kwa sukari yetu. Seli zetu zinavunja sukari hatua kwa hatua mpaka mwisho, kwa msaada wa oksijeni. Chenyewe kinaishia nusu njia, mbio mbio, kisha kinatupa mabaki. Kwa nguvu hiyo kinazaana, halafu kinaingia katika ubongo. Mgonjwa anasinzia mchana, usiku anakesha.

Mwaka 1977 Fred Opperdoes na Piet Borst waligundua kwamba hatua za kwanza za njia hiyo zinafanyika ndani ya vifuko vidogo, glaikosomu. Sisi watu hatuna vifuko hivyo. Njia hiyo ikifungwa, kidudu kinakufa. Ndiyo sababu wataalamu wanatafuta dawa ya kuifunga.

Zamani malale iliyofika katika ubongo ilitibiwa kwa sindano yenye arseniki, nayo iliua wagonjwa wengine. Tangu 2018 Congo yetu imekubali vidonge vya fexinidazole, siku 10, kumeza pamoja na chakula. Vyenyewe vinakishambulia kidudu kwa njia ingine.

Basi timu ya kupima damu ikifika kijijini, tusikimbilie mashamba. Tutoe kidole.